Namna ya kufunga nyuzi ku raketi ya tenisi, vile tunafanya huku Bukavu

Karibu kila wiki iko mutu ananipigia ao ananikamata ku njia, "Yaya, uzi ya raketi yangu imekatika, nifanye namna gani?" na wengine ni batoto benye baliokota mipira ku uwanja sawa mimi zamani, sasa banataka bajue kazi yenyewe. Naelezeaka kidogo kidogo ku telefone halafu yuniti inaisha mu katikati, basi leo naandika yote mara moja, soma pole pole, hata ukisoma mara mbili hakuna shida.

Kitu ya kwanza uingize mu kichwa: uzi itakatika, hiyo njo kazi yake, utaweka ingine. Kadre, ile mwili ya raketi yenye nyuzi zinafungwa mo, ikipasuka imeisha. Huku kwetu raketi ya muzuri haiko kitu ya kuingia mu duka na kutoka nayo, inatoka na ndugu mwenye alirudi kutoka Ubelgiji, ao inapitia Kigali ao Kampala, ao uliipata mu balo ya nguo na vitu ya Ulaya ku soko ya Kadutu na siku hiyo Mungu alikuona. Kwa hiyo kila fasi yenye utajiuliza juu ya nini tunazungusha kazi hivi, jibu iko moja, tunachunga kadre.

VYOMBO

Mashini ya kuvuta nyuzi iko ya aina tatu. Iko ya umeme, hiyo inavuta uzi mpaka ku kilo (ile nguvu ya kuvuta) yenye umeandika na inaendelea kuvuta hata uzi ikirefuka, ni muzuri sana lakini inaomba umeme yenye haikatike katikati ya kazi, na huku unajua vile mambo iko. Iko ya manivela, unazungusha, ikifika ku kilo inajifunga yenyewe taak, lakini ikisha kujifunga haifuate tena uzi, na uzi kila siku inarefuka kidogo kisha kuvutwa, njo maana raketi ya manivela inatoka laini kuliko ile ya mashini ingine hata kama uliandika namba moja. Ya tatu ni ya chuma kizito ku mukono: unaweka uzi, unashusha mukono pole pole, chuma inavuta kwa uzito yake. Mimi niko natumia hiyo. Iko bei ya chini kuliko zote, iko ndogo unaiweka ku meza ya chakula, na kartie nzima ikiwa mu giza weye unawasha taa ya telefone unaendelea, uzito ya chuma hakuna mwenye anaweza kuukata. Mubaya yake ni moja, iko pole. Mutu mwenye anaanza atamaliza masaa mawili na zaidi ku raketi moja, mwenye amezoea mashini ya umeme ni dakika 30 hivi. Usiogope masaa mawili. Raketi yenye imefungwa pole pole na sawasawa inapita ile ya haraka.

Pembeni ya mashini unaitaji pensi mbili ya kushika uzi. Ku mashini ya bei, pensi imefungwa ku meza ya mashini, inatembea mu reli. Ku hii yetu ya bei ndogo pensi iko huru, inashika nyuzi mbili zenye ziko jirani, moja inazuia ingine isirudi. Kisha tafuta pensi ya mudomo murefu ya kuvuta uzi mu tundu ndogo, pensi ya kukata, metre ya fundi nguo, na pwenso, ile chuma ya ncha ya kordonye. Lakini pwenso yenye unanunua ku kordonye iko kali, inachubua uzi, unapashwa kuisugua ncha ku jiwe mpaka ikuwe mviringo, juu tunaitumia kufungua njia mu tundu na kunyoosha nyuzi, hatuitumie kutoboa.

Na vitu mbili benye kufunga nyuzi bengi huku hawanaka. Moja ni nivo ya fundi masoni, ile ndogo. Mashini ya chuma kizito inasema kweli paka wakati mukono yake imelala sawa kabisa, sawa maji mu sahani, na macho inadanganya mingi kuliko unavyofikiri. Ya pili ni balansi ya kuninginia, ile ya ndoano yenye ba mama banapimia samaki. Kamata kipande ya uzi, funga upande moja ku ndoano ya balansi, balansi yenyewe ifunge nguvu ku fasi ya raketi, upande ingine ya uzi weka mu kichwa ya kuvuta, ile fasi ya mashini yenye inakamata uzi, kisha shusha mukono sawa vile unafanya kazi na usome balansi. Yangu siku ya kwanza niliweka chuma ku 24, balansi ikanionyesha 22 na nusu. Maana yake raketi zote nilikuwa nimefunga mbele ya hapo zilikuwa laini kuliko nilivyoambia benye raketi. Nilikamata rangi ya kucha ya dada yangu nikaweka alama mupya ku mukono ya chuma, na sasa kila miezi mbili tatu napima tena. Fanya hivyo hata kama mashini imetoka mu karto leo.

NYUZI YENYEWE

Iko nailoni, iko poliesta, iko utumbo ya ngombe. Ya utumbo njo ya zamani, kampani Babolat ya Lyon ku Ufaransa ilianza kuitengeneza mu 1875 na mpaka leo hakuna yenye inashika kilo muda murefu sawa hiyo, lakini haipendi maji na bei yake inaumiza. Hapa Bukavu mvua inaanza mwezi ya 9 inaenda mpaka mwezi ya 5, mutu mwenye anacheza ku udongo yenye maji maji na utumbo ya ngombe anaharibu franka bule.

Poliesta iko ngumu, haikatike haraka, inasaidia mupira kuzunguka. Ilikamata jina kubwa wakati Gustavo Kuerten wa Brazili alishinda Roland Garros, ile mashindano kubwa ya tenisi ya Ufaransa, mu 1997 na uzi ya Luxilon, kampani ya Ubelgiji, tangu hapo batoto yote banataka poliesta. Mimi nasema wazi: kama mutoto iko na miaka 12, ao papa anaumwa kiko ya mukono, usimuwekee poliesta yote. Iko ngumu ku mukono, tena inakufa mbele ya kukatika, unaiona iko nzima lakini haina tena uhai, mupira unaenda paka fasi Mungu anajua. Muwekee nailoni, ao nusu nusu, poliesta ku nyuzi ya kusimama (zenye zinatoka kichwa kuenda shingo) na nailoni ku ya kulala (zenye zinavuka kutoka pembeni mpaka pembeni).

Unene unasoma ku mufuko, mingi iko kati ya milimita 1.20 na 1.35. Yenye iko nyembamba inashika mupira muzuri na inakatika mbio. Kwa mutu mwenye hana franka ya kurudi kila mwezi namuwekea 1.30. Seti moja ni metre 12 hivi, inatosha raketi moja. Bobini munene iko na metre 200, hesabu raketi 16, na ukiwa na ba kliya ya kila siku, bobini njo inakuachia kitu mu mufuko.

Ile uzi ya kuvua samaki, hapana. Najua iko ku kila duka pembeni ya ziwa na iko bei rahisi, najua banaifunga. Inarefuka bila mwisho, kesho yake raketi imekuwa kitunga. Juzi papa moja aliniletea raketi ya namna hiyo, ananiambia "fundi, hii raketi haipige tena," na raketi haikuwa na kosa.

KILO NGAPI

Ku kadre mingi banaandika, ndani ya mukono ao pembeni ya shingo, kwa mufano 50–60 lbs, hiyo ni pondi. Gawanya na 2.2 unapata kilo, maana yake 23 mpaka 27. Usipite hiyo namba ya juu, na ku kadre ya zamani yenye hujui historia yake usiikaribie.

Kilo ya juu inakupa kushika mupira usiende mbali, kilo ya chini inakupa nguvu na inahurumia mukono. Bengi banafikiri kinyume, banasema "vuta nguvu juu nipige nguvu." Haiko hivyo. Uzi laini njo inarusha mupira sawa manati. Na sisi huku tuko na jambo ingine yenye batu ya Dar ao Mombasa hawana: Bukavu iko karibu metre 1,500 juu ya bahari, hewa iko nyepesi, mupira unaruka mbali. Hata shirikisho ya tenisi ya dunia, ITF, iko na mupira ya pekee ya fasi zenye zinapita metre 1,219. Lakini weye na mimi tunacheza na mupira yenye tumepata, basi mutu mwenye anatoka Bujumbura na 24 ku raketi yake namuwekea 25 hapa, na anaona tofauti. Kwa poliesta ondosha kilo moja ao mbili ku ile ya nailoni. Kama hujui kabisa: nailoni 25, poliesta 23, kisha uliza mwenye raketi baada ya michezo tatu ine.

KUTOSHA NYUZI YA ZAMANI

Mbele ya kukata, piga foto. Mbili, ya mbele na ya pembeni fasi uzi inapita inje ya kadre. Kila raketi iko na matundu yenye nyuzi ya kusimama inaruka, na ukisahau utaijua wakati umefika nusu ya kazi na tundu moja haina kitu. Hesabu pia: 16 za kusimama na 19 za kulala, ao 18 na 20. Andika ku karatasi.

Sasa kukata. Uzi moja ikikatika mu mchezo, usibakishe zingine wiki nzima mu kadre, kata zote siku hiyo hiyo, juu kadre inavutwa upande moja. Anza katikati, kata ya kusimama moja na ya kulala moja, enda ukizunguka kutoka katikati kuelekea inje, sawa mutu anakula ugali kwa kuzunguka sahani lakini kinyume. Usikate za kusimama zote ukaacha za kulala zikivuta kadre peke yao. Na funga macho kidogo ao vaa lunete, kipande ya poliesta ikiruka ni sawa mwiba.

Kisha pangusa kadre, pitisha kidole pole pole ku matundu yote ukitafuta mupasuko. Ukiona musitari mweusi mwembamba yenye kucha inaingia ndani, simama hapo. Ita mwenye raketi aje aone na macho yake mbele ya weye kuivuta. Angalia pia ile plastiki yenye inazunguka kadre, yenye uzi inapitia. Ikiwa imepasuka ku tundu, uzi mupya itakatwa na kadre ku siku mbili. Plastiki mupya kuipata huku ni kazi, mimi naenda ku kordonye ananipa vipande ya ngozi laini, nakata ndogo ya sentimita moja na nusu hivi, naziweka fasi uzi inapinda sana inje ya kadre. Hiyo haiko ubunifu yangu, bafundi ya Ulaya banafanya vile vile ku raketi ya zamani.

KUWEKA RAKETI KU MASHINI

Pima kwanza na metre, urefu ya raketi na upana ya kichwa. Raketi ya mukubwa kawaida ni sentimita 68 na nusu. Andika. Ukimaliza utapima tena na inapashwa kuwa karibu sawa.

Shika kichwa na shingo kwanza, kisha pembeni ikiwa mashini yako iko na mikono ya pembeni. Hapa batu banakosa: banakaza pembeni sawa banafunga tairi ya kamyo. Mikono ya pembeni inapashwa paka kugusa kadre, sawa mukono ya mama ku mugongo ya mutoto. Kichwa na shingo inapashwa kuwa imara, raketi isitembee, lakini usiifinye.

NYUZI YA KUSIMAMA

Hesabu matundu ya ku shingo, pale kati ya miguu mbili ya kadre. Zikiwa 6, unaanzia ku shingo. Zikiwa 8, unaanzia ku kichwa. Hii namba inakuonyesha pia kama unaweza kutumia uzi moja ama mbili. Ku raketi ya nyuzi 16 za kusimama, ukianzia ku kichwa utaishia ku kichwa, na unaweza kuendelea na uzi hiyo hiyo ku za kulala. Ukianzia ku shingo utaishia ku shingo, na hapo kata mbili, juu za kulala zinapashwa kushuka kutoka kichwa kuenda shingo. Hii njo inapunguza mateso ya kadre, maana kichwa njo fasi dhaifu. Mimi kwa mutu mwenye anajifunza nasema kata mbili kila wakati, kunja seti katikati, metre 6 na 6, kichwa haiumwi.

Ingisha ncha mbili ku matundu mbili ya katikati, zote zitoke upande ingine. Upande moja, kwa mufano ya kushoto, funga na pensi inje ya kadre, ikae karibu kabisa na kadre na kipande ya ngozi katikati isichubue. Sasa vuta ya kuume na mashini: unaweka uzi mu kichwa ya kuvuta, unashusha mukono, inalala sawa. Ikishuka chini ya usawa, inua, kaza uzi kidogo, shusha tena. Ikibakia juu, inua, achia uzi kidogo, shusha tena. Mara mbili tatu, baadaye mukono yako itajua yenyewe. Ikilala, weka pensi huru ku nyuzi mbili za katikati, karibu na kadre vile unaweza, juu kila sentimita kati ya pensi na kadre ni kilo inapotea. Inua chuma.

Endelea ya kuume ya pili, vuta, shika. Kisha rudi kushoto, tosha ile pensi ya inje, vuta ya kushoto ya kwanza, kisha ya pili. Halafu mbili kuume, mbili kushoto, mbili kuume, mbili kushoto mpaka mwisho.

Hapa nataka nisimame kidogo. Mwaka yangu ya kwanza, mzee moja mwenye alinionyesha tenisi tangu niko naokota mipira aliniletea raketi, mutoto wake aliimutumia kutoka Ulaya, alikuwa ameicheza miezi mbili tu. Nilikuwa peke yangu, niliona kubadilisha pande kila wakati inanipotezea muda, nikavuta za kuume zote 8 mbele ya kugusa kushoto. Ku ya 7 nilisikia sauti ndogo, sawa mutu anavunja kijiti kikavu mbali. Niliangalia sikuona kitu. Nilimaliza. Alicheza jumamosi moja, jumapili kadre ikafunguka ku bega ya kuume. Yeye hakunikaripia, alinikalisha tu chini akaniuliza, "Mutoto wangu, ulianzia wapi?" na nikamwambia kweli. Nilimulipa kidogo kidogo kwa kumufungia nyuzi bila franka mwaka mbili, lakini ile raketi haikurudi. Uzi ya kusimama inakaza kadre kutoka kichwa kuenda shingo, upande moja ikivutwa peke yake kadre inajikunja, na grafiti, ile kitu kadre imetengenezwa nayo, haijikunje, inapasuka. Usipite nyuzi mbili, tatu kabisa, mbele ya upande ingine. Hata mvua ikinyesha, hata kliya anasimama ku mulango anangojea.

Uzi ya mwisho ya kila upande, ongeza kilo moja ao moja na nusu, juu wakati unafunga fundo inarudi kidogo.

FUNDO

Tafuta tundu munene. Kadre iko na matundu ine hivi yenye plastiki yake ni pana, hizo njo za fundo, uzi mbili zinaingia mo. Angalia foto yako. Kata ncha ya uzi mushazari, ikuwe sawa sindano, ikikataa fungua njia na pwenso pole pole, usichubue uzi ya ndani.

Zungusha ncha chini ya uzi yenye imesimama, ipite mu kitanzi yake, vuta. Rudia mara ingine. Fundo mbili hivyo inatosha. Vuta na mukono ao na pensi ya mudomo murefu, usivute fundo ya mwisho na mashini, itakata uzi ao itaingia mu tundu yote. Kisha achia pensi pole pole. Ncha bakisha milimita 5.

NYUZI YA KULALA

Hii njo kazi yenye inachosha vidole, na njo fasi unajua fundi. Anzia ku kichwa, funga fundo ya kuanza yenye iko munene ku tundu munene, vuta ya kwanza na mashini ili fundo ikae. Kisha suka: juu ya moja, chini ya moja, juu, chini. Yenye inafuata inapashwa kuwa kinyume. Ukikosa moja ku mustari ya 4 na ukaijua ku mustari ya 15, utafungua 11, basi kila mustari mbele ya kuvuta pitisha macho toka pembe mpaka pembe. Mimi nahesabu kwa mudomo.

Siri ya kazi ni hii: suka mustari yenye inafuata mbele ya kuvuta hii. Ukiwa ku ya 5, usivute 5 mpaka 6 isukwe. Juu uzi ya 5 ikisha vutwa, inasukuma za kusimama juu na chini kwa namna yenye 6 itapashwa kupita njia mugumu. Kama 5 iko bado laini, 6 inapita mbio, vidole haziumwi, na nyuzi hazijisugue. Ukisuka shika uzi ya chini na vidole ya mukono moja, ya juu na ingine, usitumie kucha.

Na wakati unapitisha uzi yote ndani, usiivute moja kwa moja kwa nguvu na haraka. Ikivutwa hivyo fasi moja inawasha moto na kukata za kusimama, na poliesta ku nailoni njo mubaya zaidi, utaona alama sawa imepigwa na musumeno mudogo, na raketi itakatika hapo hapo wiki ya pili. Unapovuta, pandisha na shusha uzi kama unapepea moto ya makala, ili isisugue fasi moja. Mimi nagusaka uzi na kidole wakati inapita, ikikuwa na joto napunguza mbio.

Kila ya kulala mbele ya kushusha chuma inyooshe na vidole, isikae sawa upinde. Ikisha kuvutwa, sukuma ingine tena ilale sawa. Ukifika karibu na shingo fasi inakuwa ndogo, kichwa ya pensi haiingii muzuri, na matundu ya pembeni inafunikwa na za kusimama, hapo njo pwenso inafanya kazi. Enda pole. Ya mwisho ongeza kilo moja, fundo mbili, kata.

KUMALIZA

Tosha raketi, achia pembeni kwanza, kisha kichwa na shingo. Pima tena urefu na upana. Tofauti ya milimita mbili hivi si kitu, ikipita milimita 5 jua kuna fasi ulikosa, mara mingi za kulala hazikuvutwa sawa na za kusimama. Nyoosha nyuzi zote na vidole, mistari ikae mraba. Piga uzi ku kiganja usikilize, sauti inapashwa kuwa moja toka katikati mpaka karibu na pembe.

Mwambie mwenye raketi kwamba siku ya kwanza uzi itapoteza kilo, karibu moja ku kumi, na poliesta zaidi, hiyo ni kawaida, asirudi usiku anasema ulimuibia. Asiiache mu gari chini ya jua, wala ku dirisha ya bati. Akicheza mara tatu ku wiki, arudi karibu mara tatu ku mwaka hata kama haijakatika, na ya poliesta mbele ya hapo.

Na mimi niko na kaye ya shule, naandika jina yake, kadre, uzi gani, kilo ngapi, tarehe, ilikatika wapi. Kama iko inakatika kila mara ku tundu moja, angalia plastiki ya hapo. Kama inakatika katikati, anapiga muzuri, muwekee uzi ya munene zaidi mara yenye inakuya.